Hodi Katika Nyumba ya Chokaa

Tufaha Mbarouk alisimama mbele ya chombo kilichokufa, akapiga hodi.

"Hodi," alisema, kiganja chake kikiwa juu ya mbao nyeusi zilizolowa. Akangoja. "Hodi. Hodi jamani."

Masikioni mwake wateja walicheka. Hawakuwa pale ukumbini. Mmoja alikuwa Dodoma, kitandani, miguu imemgomea; mwingine alikuwa Maskati; wengine walitapakaa duniani, kila mtu na miwani yake, wote wakiona alichokiona Tufaha na kusikia alichokisikia. Walimpenda kwa hodi zake. Watembezi wengine wa Shirika la Macho ya Mbali waliingia kwenye ngome na magofu kifua mbele, kana kwamba wenyewe waliwaachia funguo. Tufaha hakuweza. Bibi yake aliyemlea alimfunza kwamba nyumba ya watu haiingiliwi kimyakimya: hodi ni tatu, na usipoitikiwa ya tatu unageuka unakwenda zako. Hodi alizipiga. Hilo la kugeuka na kwenda zake ndilo ambalo kazi haikumruhusu.

"Ukimaliza salamu zako, dada, nishtue," alisema Chande.

Chande alikuwa fundi mitambo wake, mtu mnene mwenye pumu, ambaye hakuenda mahali bila chupa ya chai. Alikuwa amechuchumaa chini ya chombo akitafuta sehemu nzuri. Chombo chenyewe kilikuwa mtepe, kimeshonwa ubao kwa ubao kwa kamba za nazi, hakina hata msumari mmoja. Kilikuwa kimelala baharini chini ya Mwamba wa Nyati kwa karne nyingi kabla ya kuopolewa, na sasa kilinyunyiziwa maji usiku na mchana ili kisikauke na kupasuka. Aliyekiunda hakujulikana, wala waliokipanda.

"Hapa," Chande alisema. "Deheni safi. Chokaa na mafuta ya papa, haijaguswa na mtu. Nawasha."

Mtambo waliuita kiamsho: kioo cha mviringo, upana wake kama kisahani cha kikombe cha kahawa, kilichofungwa kwenye paji la uso wa Tufaha. Siri yote ilikuwa kwenye chokaa. Chokaa ikishapakwa haikauki mara moja kama watu wanavyodhani. Hunywa hewa miaka na miaka, na pamoja na hewa hunywa kila kinachopita mbele yake, mwanga na sauti. Kiamsho kiliichokonoa kwa mwanga baridi, chembe moja baada ya nyingine, na kila chembe ilisema ilichonacho mara moja tu, kisha ikawa bubu. "Polepole," Chande alizoea kuwaeleza wateja. "Chokaa ikichemka itaamka yote kwa mpigo mmoja, na hakuna sikio la kupokea hayo." Tufaha aliyasikia maneno hayo mara nyingi mno, siku hizi yalimpita tu.

Giza lilitanda machoni pake, kisha likawa giza la mahali pengine. Watu walisongamana tumboni mwa chombo, magoti kwa vifua. Mbao zililia. Mtu alikuwa akisoma dua kwa sauti ya chini, akisahau na kuanza upya. Karibu kabisa na ubavu alikaa mwanamke mwenye ndewe ya sikio iliyochanika, na mabinti wawili wamemwegemea. Mdogo alikuwa amenyolewa denge, kishungi kimoja tu cha nywele kimeachwa utosini.

Mwanamke akainua uso, akamtazama Tufaha.

Hakutazama upande wake. Alimtazama yeye, machoni, na chuki iliyokuwa katika macho yale ilimfanya Tufaha arudi nyuma hatua nzima. Kisha yule mama akamfunika macho binti mdogo kwa kiganja.

"Hata huku limetufuata," akasema.

Kamba ikakatika mahali fulani, mlio mkavu, na maji yakaingia. Chande alizima haraka, lakini si haraka vya kutosha. Mteja mmoja akaanza kupiga makofi, na wengine wakamfuata.

*

"Alikuwa anazungumza juu ya panya," alisema Chande. Walikuwa wamekaa nje ya ukumbi, yeye na chai yake, Tufaha na kikombe ambacho hakukigusa. "Au maji. Au dhoruba. Mtu anayezama ana mengi ya kulalamikia."

"Na yule askari wa ngomeni?"

Chande alipuliza chai yake. Wiki chache nyuma walikwenda kwenye ngome ya Ras Kitovu, na katika chokaa ya mnara wa zamu walimkuta askari wa Kireno akila mkate. Tufaha alipopiga hodi, yule askari aliacha kutafuna. Akainua taa yake, akamulika ukuta mahali palepale aliposimama Tufaha, akajipiga ishara ya msalaba. Siku ile walicheka mpaka mbavu zikawauma.

"Wale ni picha, dada Tufaha," Chande alisema hatimaye. "Picha haikuoni."

"Basi kwa nini hunitazami unapolisema hilo?"

Kabla Chande hajapata la kusema, sauti ya Bwana Shamte iliwaingia masikioni wote wawili. Shamte alikuwa mkurugenzi wao, mtu mchangamfu ambaye hakuwahi kukanyaga gofu hata moja kwa sababu vumbi lilimpa mafua. "Bi Tufaha, umewaua!" alisema. "Wateja wanalia, wanataka zaidi. Nimewapatia kibali cha Kimbuta. Mtaondoka asubuhi."

Tufaha angefurahi siku nyingine yoyote. Magofu ya Kimbuta aliyatamani tangu akiwa msichana anayesoma kwa kujificha chini ya shuka. Ulikuwa mji mzima wa mawe, na watu wake waliuhama ghafla, vyungu vikabaki mafigani na kinu kikabaki na mchi wake. Hapakuwa na alama ya moto wala vita, na visima vyake bado vilikuwa na maji matamu. Wasomi waligombana kuhusu Kimbuta vizazi na vizazi, na kila mmoja alikufa na jibu lake.

*

Bahari ilikuwa imeanza kuumaliza mji. Maji makuu yaliingia msikitini na kutoka yapendavyo, na makaburi ya upande wa mashariki yalikwisha zama. Chombo chao cha umeme kiliwashusha penye ngazi zilizokuwa za nyumba ya mtu. Asubuhi ilikuwa angavu, lakini hapakuwa na ndege, na Chande, ambaye kwa kawaida hafungi mdomo, alibeba mitambo yake kimya.

Nyumba waliyopewa ndiyo pekee iliyobaki na kuta zake zote. Mlangoni palikuwa na daka la kukalia wageni, kisha sebule yenye vidaka vya kuwekea vyombo, kisha chumba cha ndani, kisicho na dirisha. Ukuta wa sebule ulijaa michoro ya vyombo vya baharini, maana watu wa kale walipenda kuchora vyombo ukutani kwa ncha ya kisu: matanga, milingoti, makasia, kimoja juu ya kingine. Tufaha aliipitia kwa furaha ya kweli, furaha ya mtu aliyefika alikokuwa akienda maisha yake yote. Kisha akaona, chini kabisa, kwa kimo cha mtoto, mchoro usiokuwa chombo.

"Chande. Njoo uone hiki."

Kilikuwa kichwa cha mtu, kimechorwa kwa mkono usio na ustadi. Macho makubwa. Katikati ya paji la uso palikuwa na duara. Mkono mmoja ulishika kitu chenye mdomo mrefu, na kukizunguka chote ilipita mistari ya kupindapinda.

Chande alikichungulia huku akihema. "Buli," alisema. "Mtu na buli lake la chai. Na hayo labda mawimbi."

"Na hilo duara?"

"Pambo. Kwani wewe unadhani ni nini?"

Tufaha aligusa kioo kilichokuwa kwenye paji lake mwenyewe, akaondoa mkono upesi. Masikioni wateja walikuwa wamekwisha kuunganishwa, anawasikia wakikohoa na kukaa sawa. Alikwenda mlangoni, akasimama nje ya kizingiti alivyozoea.

"Hodi," alisema. "Hodi. Hodi wenyewe."

Kimya. Chande akawasha.

Sebule ikajaa. Mikeka, vyombo vya udongo vidakani, harufu ambayo Tufaha asingeweza kuisikia lakini alihisi kama anaisikia. Mwanamke alikuwa ameketi kwenye kitanda cha kamba, mgongo umeelekea mlangoni, akisuka ukili. Mikono yake ilisimama.

"Umekuja," alisema, bila kugeuka. "Hata sebuleni umefika sasa."

"Nalikukaribisha mara moja," yule mwanamke aliendelea. "Nali biarusi, nali mjinga. Nikasikia hodi chumbani, nikadhani ni mgeni wa harusi. Tangu siku hiyo hutoki. Watukodolea macho tukila, watukodolea macho tukilala. Tumekihama chumba cha ndani kwa ajili yako. Hata ukipiga hodi mia, sikukaribishi tena."

Akageuka. Ndewe ya sikio lake ilikuwa imechanika.

"Mama yangu," alinong'ona Chande nyuma ya mitambo.

"Bi Tufaha!" Sauti ya Shamte ilipasuka sikioni. "Amekuona? Anazungumza na wewe? Muulize jina lake! Wateja wamepagawa huku, muulize jina!"

Mwanamke alikuwa akimchunguza Tufaha kwa makini, kwa macho ya mtu anayemjua adui yake vizuri na leo ameona kitu kimepungua. "Leo huna moshi," alisema.

Mabinti wawili walichungulia kutoka uani. Mdogo alikuwa na kishungi utosini. "Mama, ndilo?" aliuliza.

"Usilitazame, Mwatime. Esha, mtoe mdogo wako." Kisha, kwa ukuta, kwa Tufaha: "Habari zako zimeenea, mji mzima umehama. Mume wangu yuko pwani, asema chombo chaondoka kesho na sisi tuwemo. Nimemkatalia. Nyumba hii ni ya mama yangu, na ya mama wa mama yangu, humu nimewazaa hawa. Mgeni ni wewe. Wa kuondoka ni wewe."

Tufaha alielewa yote mara moja. Mwanamke huyu alikuwa amekataa kupanda. Chombo kingeondoka bila yeye na bila watoto wake. Lakini Tufaha alikuwa amekwisha mwona tumboni mwa mtepe, maji yakiingia. Kati ya leo na kesho ya mwanamke huyu, kitu kingembadilisha mawazo.

"Dada, usiseme neno," Chande alinong'ona. "Naomba. Nyamaza, tuzime, twende."

"Jina!" alipiga kelele Shamte.

Mtoto mdogo alikuwa bado anachungulia, kidole mdomoni. Tufaha hakuzaa, na hakuwahi kujiona mtu wa kulilia watoto wa wengine, lakini alimwona yule mtoto akifunikwa macho gizani, na roho ilimuuma mpaka akasahau kwamba alikuwa kazini.

"Msipande," alisema. "Mama, nakuomba, chombo kile msikipande. Kitazama. Mtakufa wote."

Ukili ulianguka sakafuni.

"Linanena," mwanamke alisema polepole. "Miaka yote hii hodi, hodi. Leo linanena." Alisimama. "Latukataza kuondoka. Lataka tubaki nalo humu." Na ule ushupavu wote aliokuwa nao, wa nyumba ya mama na mama wa mama, ukamwisha mbele ya macho ya Tufaha. Alianza kukunja mkeka. "Esha! Mshike mdogo wako. Twende kwa baba yenu, sasa hivi."

"Hapana! Sikiliza! Mimi si shetani, mimi ni mtu kama wewe, ni..."

Chokaa ikawa bubu. Tufaha alibaki akiupigia kelele ukuta mtupu wenye ukungu wa chumvi.

*

Shamte alikuwa akicheka kwa furaha kama mtu aliyepata mtoto wa kiume uzeeni. "Wanatusikia!" alisema. "Unajua maana yake? Watu watazungumza na mababu zao! Watauliza walichozika na walikozika! Bi Tufaha, wewe utaingia katika historia."

"Watu wale wamekufa kwa sababu yangu," Tufaha alisema.

"Walikufa kabla bibi wa bibi yako hajazaliwa. Pumzika. Kesho unaanza na chumba cha ndani. Nimeona vipimo vya Chande, chokaa yake nzima nzima. Watapita wateja usiku na mchana, zamu kwa zamu, na wewe ndiye utakayewaingiza, maana ni wewe wanayekutaka. Na hodi zako usisahau."

Akakata. Tufaha alivua vipokea sauti masikioni, akavitupa kwenye mchanga. Chande alikuwa ameketi dakani, mahali pa wageni, akivuta dawa yake ya pumu.

"Chumba cha ndani kina nini?" Tufaha alimuuliza.

"Kila kitu." Chande hakutaka kumtazama. "Desturi yao, binti akiolewa, chumba kinapigwa chokaa mpya. Kile kilipigwa kwa ajili yake. Kwa hiyo kinaanza na harusi. Halafu uzazi, ugonjwa, kulala, kuamka. Maisha yake yote humu ndani."

"Alisema alinikaribisha akiwa biarusi. Mimi sijawahi kuingia chumba kile, Chande."

"Najua."

"Basi nitaingia. Kesho, na kesho kutwa, na kila siku Shamte atakaponiingiza. Ni mimi wanayemwona. Mji huu ulihama kwa ajili yangu." Aliunyooshea mlango kidole. "Wasomi wote wale na majibu yao. Ni sisi, Chande. Ni kuchungulia kwetu."

"Ukikataa wewe, atamleta mwingine."

"Najua. Ndiyo maana ukuta wenyewe lazima ufe kabla ya kesho."

Chande alishtuka. "Ukuta wa Kimbuta? Dada, huko ni jela. Na tuache jela. Wewe uliyelia siku walipobomoa boma la Tongwe kupitisha barabara, leo uharibu huu kwa mkono wako? Na tuliwaona kwenye mtepe. Hilo limekwisha kuwa."

"Tulimwona mwanamke chomboni. Je, unajua kwa hakika kwamba jambo likishaonwa haliwezi kufutika?"

Chande alifikiri kwa uaminifu, maana alikuwa mtu mkweli. "Sijui," alisema.

"Mimi pia sijui. Basi niachie nafasi hiyo moja."

Maji yalikuwa yakipanda, yanasikika yakipapasa mawe ya nyumba za chini. Hatimaye Chande alisimama kwa taabu, akasema anakwenda chomboni kuzungumza na Shamte, huenda akamsihi aahirishe walau wiki, wapate kulitafakari. Alimwambia Tufaha anywe chai. Alimwambia asifanye jambo. Tufaha aliitikia kwa kichwa, akamtazama akishuka ngazi na mgongo wake mpana, akahisi upendo mkubwa kwake na hatia ya kumdanganya.

Aliupenda ukuta ule. Hilo lisije likasemwa kwamba hakulijua. Katika maisha yake alitembea ngome na meli na miji iliyolala, akaigusa kwa vidole vya adabu, na hapakuwa na kitu alichokichukia kuliko mtu anayechora jina lake kwenye gofu. Lakini wenye nyumba walikuwa wamemfukuza kwa kauli zao wenyewe. Mgeni ni wewe, wa kuondoka ni wewe. Mtu aliyelelewa akiambiwa hivyo huondoka na kufunga mlango nyuma yake.

Karibu na mitambo palikuwa na kopo la bati la Chande, lile la tindikali ya kusafishia vioo vikiganda chumvi. Tufaha alishawahi kuona tone lake likianguka kwenye chokaa, halikuacha kitu. Alilinyanyua. Lilikuwa limejaa.

Chumba cha ndani kilikuwa kiza tupu, kwa hiyo aliacha kiamsho kwenye paji la uso, akawasha taa yake ndogo peke yake, ule mwanga wa kuamshia hakuugusa. Kuta zilimeremeta, nyororo, nyeupe baada ya miaka yote hiyo. Waliozipiga walikuwa mafundi. Tufaha alisema "Nisameheni," akainamisha kopo, na tindikali ikatiririka juu ya ukuta kutoka upande hadi upande.

Chokaa ikachemka.

Ilifoka povu toka juu hadi chini, ikilia kwa sauti ya mafuta kikaangoni, na moshi mweupe ukapanda na kumwingia kooni. Alikohoa, akamwaga tena, ukuta wa pili. Kutoka mbali, kutoka ngazini, alimsikia Chande akikimbia na kupiga kelele kwa pumzi asizokuwa nazo.

"Dada, usimwage! Ikichemka inaamka yote! Yote kwa mpigo! Tufaha!"

Ndipo alipoyakumbuka maneno aliyoyazoea, na aliposhusha macho akaona alichoshika mkononi: kopo, na mdomo wake mrefu.

Chumba kiliamka. Kiliamka kila saa yake kwa pamoja, harusi na uzazi na homa na usingizi, na katika kila saa alikuwamo mwanamke yuleyule. Alikuwa akinyonyesha. Alikuwa akiswali. Alikuwa akisukwa nywele, akilia, akigombana na mumewe kwa kunong'ona, akimkanda mtoto tumbo. Na katika kila saa, mmoja baada ya mwingine, wote walikuwa wakianza kugeuza vichwa kuutazama ukuta, mahali moshi ulipokuwa ukitoka.

Tufaha aliutafuta mlango, hakuuona. Moshi ulikuwa umeziba kila upande. Alikuwa ndani ya nyumba ya watu, usiri wao wote uko wazi mbele yake, na wote wanamtazama. Na mdomo wake, kwa woga, ukasema peke yake kile ulichofunzwa kusema.

"Hodi," alisema. "Hodi. Hodi jamani."

Mama aliyenyonyesha alipiga yowe. Aliyekuwa akiswali alikatiza swala. Mmoja aliyeshika kitoto chenye kishungi alikifunika macho kwa kiganja, kwa namna ileile. Hakuna aliyeitikia, na Tufaha alishukuru hata kwa hilo; hodi tatu bila jibu, sasa angeweza kugeuka na kwenda zake.

Lakini nyuma yao wote, penye chokaa ya kwanza kabisa, ambayo ilikuwa bado mbichi, alikaa msichana kwenye kitanda cha harusi, mikono imejaa hina, ndewe za masikio yake zote nzima. Alikuwa peke yake na alikuwa akingoja wageni. Aliisikia hodi. Akainua uso na kutabasamu.

"Karibu," alisema. "Karibu ndani."